Gharama Kubwa ni ya Kuchelewa

Kahawa ikianza kutunga mitini, Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, husikika tena habari ya butura. Mkulima anauza kahawa ambayo haijaiva, kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa kuwa shida imemfika leo na mavuno yako mbali. Serikali imeikataza biashara hiyo, wanaushirika wameikemea, lakini haijaisha. Ukiwauliza waliouza, mmoja atakutajia ada ya shule, mwingine msiba, mwingine ugonjwa: mtoto alizidiwa usiku, au mama alitokwa damu akijifungua, rufaa ikaandikwa ya kwenda Bukoba au Bugando, na fedha zikahitajika kabla hakujapambazuka.

Naitaja butura mapema kwa sababu haimo katika hesabu yoyote ya matumizi ya afya. Bajeti ya halmashauri inaonyesha mishahara, dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Haionyeshi kahawa iliyouzwa mtini kwa bei ya kutupa ili kulipia upasuaji ambao usingehitajika kama mgonjwa angefika siku tatu mapema. Kwa kuwa gharama hiyo haionekani, yamezagaa madai kuhusu huduma za afya ambayo masikioni yana mantiki lakini yakipimwa hayasimami. Utayasikia gulioni Omurushaka, utayasikia Nkwenda, utayasikia kwenye benchi la zahanati yoyote. Nayajibu hapa. Mengine yana ukweli ndani yake, nami sitauficha.

“Huduma bora ni ghali, sisi wa kijijini tukubali tulichonacho”

Hili ndilo dai mama, na ndilo linalozaa mengine. Linachukulia kwamba ubora wa tiba hupanda pamoja na bei, kwa hiyo anayetaka nafuu avumilie ubovu.

Tazama damu inayotoka baada ya mama kujifungua. Hakuna kinachoua wazazi wengi kuliko hiyo. Kwa miaka mingi mkunga alikuwa akikadiria kwa macho damu iliyomwagika, na macho hudanganya: damu ikishanywewa na kanga na shuka, nusu lita huonekana kidogo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliohusisha wanawake zaidi ya 210,000. Wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kipimo, ya kutandikwa chini ya mzazi. Wakafundishwa kwamba damu ikifika kiwango fulani wasijaribu hatua moja na kusubiri, bali wafanye zote papo hapo: kukanda mji wa mimba, kutoa dawa ya kuubana, kutoa dawa ya kuzuia damu, kuweka dripu, kumchunguza mama na kuita msaada. Matatizo makubwa yatokanayo na damu hiyo yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zilikuwa zilezile zinazojulikana. Kilichobadilika ni kwamba mkunga alijua mapema, akatenda mapema.

Watoto njiti nao wana habari inayofanana. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, kuhusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Desturi ilikuwa kumweka mtoto pembeni kwanza hadi hali yake itulie, ndipo mama amkumbatie kifuani, ngozi kwa ngozi. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi kwa robo nzima kuliko waliosubirishwa. Wanasayansi walisimamisha utafiti kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Kifua cha mama hakinunuliwi.

Karibu na kwetu zaidi, vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliingia katika mpango wa uzazi salama ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Wakunga walifanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, wakitumia mwanasesere wa kufundishia na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vifo vya akina mama navyo vikashuka kwa kiasi kikubwa. Geita tunapakana nayo. Hakuna anayeweza kusema kwamba mambo hayo ni ya Ulaya.

Sasa weka hesabu upande wa pili. Mama aliyetokwa damu hadi kuzimia anahitaji chupa kadhaa za damu, upasuaji, gari la rufaa, siku nyingi za kitanda, na ndugu wa kumlisha. Ukiyazuia hayo kwa karatasi ya plastiki na mkunga aliyefundishwa, umeokoa uhai na fedha kwa tendo moja.

Na akifa, gharama haikomi kaburini. Mkoa wa Kagera una ushahidi ambao mikoa michache duniani inao. Kuanzia 1991 kaya zaidi ya 900 za mkoa huu zilihojiwa mara kwa mara, kisha zikafuatiliwa tena mwaka 2004 na 2010, popote watu wake walikohamia. Wachumi waliochambua taarifa hizo walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikua akiwa mfupi kwa takriban sentimita 2, na akasoma pungufu kwa takriban mwaka mmoja, ukimlinganisha na wenzake. Sentimita mbili za mwili na mwaka mmoja wa shule, kwa kila mtoto. Hizo nazo hazimo katika bajeti ya halmashauri.

“Tatizo letu ni majengo. Tujengewe kwanza hospitali kubwa”

Hapa kuna ukweli, tena mkubwa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa zilikuwa moja hadi 2012, na sensa ya mwaka huo ilizihesabia kwa pamoja watu zaidi ya 650,000. Kwa muda mrefu mzigo wa upasuaji umebebwa na hospitali za makanisa kama Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro. Anayeishi Murongo au Bugomora anajua maana ya kubebwa kwenye pikipiki ukiwa na uchungu wa uzazi, mvua ikinyesha.

Kwa hiyo ujenzi wa miaka ya karibuni ulikuwa wa lazima, na umetufunza jambo kuhusu gharama. Kuanzia 2017 serikali ilikarabati vituo vya afya zaidi ya 300 nchini ili viweze kupasua, kwa Sh milioni 400 hadi 500 kila kimoja, ikiwatumia mafundi wa mitaani chini ya usimamizi wa kamati za wananchi badala ya makandarasi wakubwa. Bajeti ya 2018/19 ikaanzisha hospitali 67 za halmashauri kwa utaratibu huohuo, Sh bilioni 1.5 kila moja kwa kuanzia. Kuna waliotilia shaka kwamba fedha hizo zingetosha kuinua kuta.

Lakini jengo halitibu. Chumba cha upasuaji kisicho na mtu wa kutoa dawa ya usingizi ni chumba tu. Tena kuna muda kati ya nyumbani na kituo ambao jengo haliwezi kuufupisha, nao ndio unaoua. Kwa muda huo lilipatikana jibu lililozaliwa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2013 ulianza Sengerema na Shinyanga mpango unaoitwa m-mama. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, kituo cha afya au mtu wa nyumbani anapiga 115 bila malipo. Anayepokea simu anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama liko mbali, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, mwenye gari lake, naye analipwa kwa safari hiyo.

Huo ndio ubunifu ninaouheshimu. Kuweka gari la wagonjwa kila kata, na dereva wake, matairi yake na matengenezo yake, halmashauri haiwezi. Gari la mwananchi lipo tayari, limeegeshwa Kaisho au Kayanga. Kinachonunuliwa ni safari moja inapohitajika. Mwaka 2022 mpango ulianza kusambazwa nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Makadirio ya namna hii yana mipaka mipana ya makosa, na m-mama haiwezi kujitwalia sifa yote: vituo vilivyoongezwa uwezo wa upasuaji na wakunga walioajiriwa wana sehemu yao. Hata hivyo, mwelekeo wa vifo hivyo kushuka hauna ubishi.

“Bila daktari bingwa hakuna tiba ya maana”

Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukiangalia upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa ulikuwa umefanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo, wala si wenye shahada ya udaktari. Watafiti walilinganisha vifo, vidonda vilivyooza na ubora wa kazi. Hawakukuta tofauti ya maana. Kigoma ilikwenda mbali zaidi, ikawapeleka wahudumu wa namna hiyo katika vituo vya afya vya vijijini ili mama asisafiri.

Bingwa anahitajika, na kambi za madaktari bingwa wanaozungukia halmashauri zinasaidia. Lakini anayekaa kituoni mwaka mzima ndiye atakayekuwapo usiku wa dharura. Kumfundisha huyo vizuri, kumsimamia na kumlipa stahiki zake kwa wakati kunaokoa watu wengi zaidi.

“Mganga mzuri ni anayekupa dawa nyingi na sindano”

Dai hili halisemwi kwa maneno, linasemwa kwa miguu. Mgonjwa akiambiwa kwamba mafua ya mtoto yatapona yenyewe, anatoka zahanati akiwa na hasira, anapita duka la dawa muhimu na kununua vidonge nusu dozi. Nasi wazazi tumewafundisha wahudumu kwamba kutuandikia dawa ndiyo heshima.

Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakatolewa mwaka 2014. Wengi wao walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo dawa za kuua bakteria haziyagusi kabisa. Malaria ilikuwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Kisha mwaka 2023 yakaja matokeo ya Mbeya na Morogoro: vituo 40 vya ngazi ya msingi, nusu yake vikiwa na kompyuta ya mkononi inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache rahisi. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa dawa za kuua bakteria. Katika vituo vyenye mwongozo, 23 tu. Watoto wa pande zote mbili walipona sawasawa.

Fikiria maana yake kwa zahanati inayoagiza dawa kwa fedha chache. Theluthi mbili ya dawa hizo zilikuwa zikienda kwa watoto wasiozihitaji. Halafu mwezi wa tatu wa robo mwaka anafika mtoto mwenye nimonia ya kweli, anakuta kabati tupu. Kilio cha “dawa hakuna”, ambacho nitakirudia chini, sehemu yake kinaanzia hapa, katika dawa tulizozimaliza bila sababu. Usugu wa vimelea nao unakua kwa njia hiyohiyo, na dawa za kutibu vimelea sugu ndizo ghali hasa.

Dhana ya kwamba wingi ndio uangalizi iliwahi kuwatesa pia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kwa hiyo tunaijua safari hii tangu mwanzo wake. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa na afya njema alilazimika kwenda kliniki kila mwezi kuchukua dawa. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, foleni ndefu, muuguzi aliyelemewa. Siku hizi ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hata sita, na muuguzi anabaki na muda wa kumshughulikia aliyezidiwa. Mgonjwa huyo hakutelekezwa. Amerudishiwa siku zake za kazi.

“Kinga haina faida, walipulizia dawa, walitoa vyandarua, na malaria imerudi”

Dai hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine, kwa sababu wanaolisema wameona kwa macho yao. Tena takwimu ziko upande wao, kwa kiasi fulani.

Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano na kukuta Kagera inaongoza nchini: watoto 41 kati ya 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Wakati huo upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ulikuwa umeanza Muleba mwaka 2007, baada ya mlipuko mbaya, ukaingia Karagwe mwaka 2008, ambayo wakati huo ilikuwa na Kyerwa ndani yake, kisha ukaenea mkoa mzima. Vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi. Utafiti wa 2011/12 ulikuta watoto takriban 8 kati ya 100. Kutoka 41 hadi 8 ndani ya miaka minne! Wodi za watoto zilipumua.

Kisha upuliziaji ukapunguzwa. Dawa zilizokuwa zikitumika zilianza kushindwa na mbu, zile mpya zikawa za bei ya juu, na fedha za wafadhili zikatosha maeneo machache zaidi. Utafiti wa 2015/16 ukakuta Kagera imerudi kwenye 41.

Mtu anaweza kusoma namba hizo tatu na kuhitimisha kwamba kinga ni bure. Mimi nazisoma kinyume. Kinga ilipofanyika kikamilifu, malaria ilishuka, ilipoachwa, ilipanda. Dawa ambayo ukiinywa unapona na ukiiacha unaugua tena, nani ataiita bure? Kilichokosekana ni uendelevu, na waliokata fedha waliona akiba katika kitabu kimoja cha hesabu bila kufungua kingine, chenye gharama ya vidonge vya mseto, ya damu ya kuwaongezea watoto waliopungukiwa, na ya siku za mama aliyelala wodini.

Na habari haikuishia hapo. Muleba, wilaya ya jirani, ndiko dunia ilikopata jibu la mbu sugu. Kuanzia mwaka 2014 vijiji vya huko viligawanywa katika makundi 48 na kupewa vyandarua vya aina mbili: vya kawaida, na vilivyochanganywa na kemikali inayovunja ukinzani wa mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vyandarua vipya vilipunguza maambukizi kwa asilimia 44 katika mwaka wa kwanza, ukivilinganisha na vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwishabadili mwongozo wake mwaka 2017 kwa kutegemea ushahidi huo. Baadaye Misungwi, mkoani Mwanza, ilijaribu chandarua kingine chenye dawa mbili, na mwaka 2022 ikaripotiwa kwamba watoto waliougua malaria walipungua kwa asilimia 44 kwa kipindi cha miaka miwili. Kwa bei ya kununulia, chandarua hicho kinakizidi cha kawaida. Lakini ukijumlisha fedha ambazo serikali na familia zinaacha kutumia kwa matibabu, ndicho chenye gharama ndogo.

Wana wa Kagera na Mwanza ndio waliolala chini ya vyandarua hivyo, ndio waliotoa damu ya vipimo. Halmashauri inapoletewa vyandarua, iulize ni vya aina gani. Tumelipia haki ya kuuliza.

“Bima ni kupoteza fedha: unalipa huumwi, ukiumwa dawa hakuna”

Mfuko wa afya ya jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa na kuanza kusambazwa upya mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa Sh 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Katika miaka yote hiyo malalamiko yamekuwa mawili, na lazima yatenganishwe.

La kwanza, kwamba ukilipa bila kuugua umepoteza. Mtu anayesema hivi anailinganisha bima na duka, wakati inafaa kulinganishwa na butura. Kahawa iliyouzwa mtini kwa sababu ya ugonjwa mmoja inaweza kumpotezea mkulima fedha zinazozidi michango ya miaka mingi. Tena bila bima mgonjwa anangoja. Anajaribu dawa za miti shamba kwanza, anajaribu vidonge vya dukani, anasubiri kahawa ilipwe, na anapofika hospitali ugonjwa uliokuwa wa vidonge umekuwa wa kitanda. Bima inaondoa sababu ya kungoja, na humo ndimo akiba yake kubwa ilimo.

Ng’ambo ya Mto Kagera, majirani ambao mkazi wa Kyerwa anaweza kuwaona akisimama mlimani, walianza majaribio ya bima ya jamii mwaka 1999 na kuifanya ya lazima kwa sheria ya 2008. Kwa miaka mingi sasa zaidi ya asilimia 80 ya Wanyarwanda wamo. Walipanga michango kulingana na uwezo wa kaya, na maskini kabisa wakalipiwa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 152 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2005 hadi 50 katika ule wa 2014/15. Chanjo, vyandarua na wahudumu wa afya wa vijijini walichangia pakubwa, lakini huduma hizo zilikuta watu ambao hawaogopi kuingia mlango wa zahanati. Mfuko wetu ulikuwa wa hiari, ukavuta waliokuwa tayari wagonjwa, fedha zikawa chache kuliko matibabu, na huduma ikadorora. Hiyo ni kasoro ya namna ulivyoundwa. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

La pili, kwamba dawa hakuna. Hapa mlalamikaji yuko sahihi, na asibezwe. Mwanachama aliyelipa, akatembea saa mbili, akaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dukani, ametendewa isivyo haki, na mwakani hatalipa. Hakuna mkutano wa hamasa utakaomrudisha. Dawa ndiyo hamasa.

Lakini ukosefu wa dawa una tiba iliyokwishajaribiwa. Zamani Bohari ya Dawa ikikosa kitu, kila kituo kilihangaika kivyake kutafuta muuzaji, kwa bei yoyote na ubora wowote. Mwaka 2014 Dodoma ilianza utaratibu wa mshitiri: mkoa unashindanisha wauzaji, unamchagua mmoja, unakubaliana naye bei, na vituo vyote vinaagiza kwake kupitia halmashauri kile tu ambacho Bohari haina. Upatikanaji wa dawa ukaongezeka, na kufikia 2018 utaratibu ukawa wa nchi nzima. Ukiunganisha huo na kuacha kuandika dawa zisizohitajika, fedha zilezile zinafika mbali zaidi.

“Hayo ni ya serikali, mwananchi hana nafasi”

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya haziishii tena wilayani. Zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo chenyewe. Mganga mfawidhi hawezi kuzitumia peke yake: kuna kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake wanatoka miongoni mwa wananchi, na ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Huko ndiko inakoamuliwa kama kabati litajazwa dawa, kama wakunga watapata nafasi ya kufanya mazoezi, kama mlango wa chumba cha kujifungulia utatengenezwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Utakapoitwa, nendeni mkaulize mambo manne: robo hii zahanati yetu ilipokea shilingi ngapi, ni dawa zipi zilikosekana na kwa siku ngapi, wajawazito wangapi walipelekwa kwa 115, na mjumbe wetu katika kamati ni nani. Kama hakuna anayejua jibu la nne, mchagueni siku hiyohiyo.